Mwaka wa kwanza chuoni: jinsi ya kuchagua na kusajili kozi bila kujitafutia sapu

Nyumbani ukiulizwa "umepata kozi gani?" unajibu "Uhasibu" au "Sosholojia", mjomba anatikisa kichwa, mazungumzo yanahamia kwenye bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi. Ukifika chuoni neno lilelile linageuka maana. Uhasibu sasa inaitwa programu, na kozi ni yale masomo yanayoijenga, matano au sita kila semesta, kila moja na namba yake, mwalimu wake na uzito wake. Chuo kilikudahili kwenye programu. Kozi unazisajili mwenyewe, na wengi hujikwaa hapo kabla hata daftari halijafunguliwa.

Nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa, kwa miaka miwili. Tangu nimalize, kila vyuo vinapofunguliwa simu yangu haipoi: mtoto wa dada, mdogo wake rafiki, kijana wa jirani. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika kwa mpangilio ninaoufuata nikiwa nimekaa na mtu kwenye kimbweta, yale mabenchi ya kujisomea nje. Nazungumzia shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania. Ninyi wa diploma mlio chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), moduli zenu karibu zote zimeshapangwa. Hatua ya nne na ya sita ndizo zitakazowafaa zaidi.

Hatua ya 1: Tafuta karatasi tatu

Kabla hujamuuliza mtu yeyote, pata prospektasi, almanaka ya chuo na kanuni za mitihani. Zote huwa kwenye tovuti ya chuo, na maktaba huwa na nakala.

Prospektasi iwe ya mwaka ulioingia wewe. Mitaala hupitiwa upya, namba za kozi hubadilishwa, kozi iliyokuwa ya lazima inakuwa ya hiari. Kaka wa mwaka wa tatu anakushauri kwa moyo mweupe kabisa, ila anakushauri kwa mtaala wake.

Almanaka ina tarehe. Tafuta tatu: lini dirisha la kusajili kozi linafunguliwa, lini linafungwa, na UE (mitihani ya mwisho wa semesta) zinaanza lini. Ziandike kwenye simu na uweke kengele.

Kanuni za mitihani kwa kawaida husomwa na mtu aliyeshakamatwa. Wewe zisome leo, kurasa za alama na za sapu (mtihani wa kurudia kozi uliyofeli) tu zinatosha. Katika vyuo vingi kosiweki (testi na kazi za ndani ya semesta) ni 40 na UE ni 60; A huanzia 70, B+ 60, B 50, C 40. Vipo vyuo na programu zenye viwango vyao, hasa za afya, na ndiyo maana nasema soma za kwako.

Hatua ya 2: Panga kozi zako kwa mafungu, kisha hesabu krediti

Chukua karatasi, igawe mara tatu. Fungu la kwanza ni kozi za lazima za programu yako. Hizo huchagui, kosa pekee unaloweza kufanya ni kusahau kusajili moja. La pili ni opsheno, zile ambazo idara inakupa orodha uchague moja au mbili. La tatu ni kozi za jumla ambazo karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakutana nazo: Stadi za Mawasiliano, DS (masomo ya maendeleo) na wenzake.

Fungu hilo la tatu ndilo linalonisikitisha kila mwaka. Ukumbi una watu mia kadhaa, mwalimu hakujui, kipaza sauti kinakwaruza, na mtu anajiambia "hii ni DS tu, nitadesa wiki ya mwisho". DS ina krediti kama kozi nyingine. Tupige hesabu.

Krediti moja, kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), ni saa 10 za kujifunza. Mwaka una krediti 120, yaani 60 kwa semesta. Saa 600 ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki: hiyo ni kazi ya ofisini, asubuhi hadi jioni. Kozi ya krediti 12 inadai saa 8 kila wiki. Kama lekcha na semina zinachukua tatu, tano zilizobaki zinakusubiri kimbwetani au maktaba.

Sasa GPA, yaani wastani wa pointi zako. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Chukua semesta ya kozi tano za krediti 12 kila moja. Umepata B+ mbili, B mbili, na C ya DS. Zidisha kila daraja kwa 12, jumlisha: 48, 48, 36, 36 na 24 ni 192. Gawa kwa 60: GPA 3.2. Hiyo ni daraja la pili la chini. Ungeipa DS adabu kidogo ukatoka na B+ badala ya C, jumla inakuwa 216 na GPA 3.6. Umevuka 3.5, uko daraja la pili la juu. Kozi moja ya ukumbi uliojaa kelele imekuvusha, na hujagusa nyingine.

Tena vyuo hukata desimali, havikadirii kwenda juu. Ukimaliza na 3.49 cheti kinahesabu 3.4. Na mwenye ndoto ya kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi ajue kwamba kiwango kinachotakiwa shahada ya kwanza ni 3.8. Hesabu hiyo haianzi mwaka wa tatu.

Wa ualimu mna jambo la ziada: masomo mawili ya kufundishia. Lazima yaendane na yale uliyofaulu kidato cha sita, na ukishayaanza kuyabadilisha ni shughuli. Matangazo ya ajira za walimu hutaja somo kwa jina. Yasome ya miaka miwili mitatu iliyopita kabla hujaamua kwa kuwa tu rafiki yako naye anasoma Historia.

Hatua ya 3: Jipime mwenyewe, maana hakuna atakayekupima

Kuna nchi, Marekani ikiwamo, ambako vyuo vingi vimezoea kumpima mwanafunzi mpya hesabu na uandishi kwanza, ndipo apangiwe darasa la kuanzia. Kwetu ukishadahiliwa unaingia ukumbi mmoja na waliotoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) na A zao, wewe ukiwa na HGL yako (Historia, Jiografia na Kiingereza) na hesabu uliiaga kidato cha nne. Mwalimu anaanzia pale anapoanzia.

Kwa hiyo kipimo jitengenezee. Nenda maktaba uombe mitihani ya miaka ya nyuma ya kozi unayoitaka au unayoiogopa. Kaa nayo saa moja. Hutajibu kitu, na hilo si tatizo, kozi bado hujaisoma. Unachotafuta ni lugha ya maswali. Je, yanadai hesabu? Grafu? Insha ya kurasa nne kwa Kiingereza? Ukielewa swali linataka nini ingawa jibu huna, hapo pako salama. Usipoelewa hata swali linaongea nini, ujue utahitaji msaada tangu wiki ya kwanza.

Wanaonaswa zaidi ni hawa. Wa HGL na HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) walioingia programu za biashara au maendeleo, ambako kozi ya hesabu za biashara au ya takwimu inawasubiri mlangoni. Wa PCB na CBG, kombi za sayansi, waliopitia BAM (hesabu ya msingi) kwa kuisukuma tu hadi S, kisha wakachagua opsheno yenye takwimu nzito. Na wa sayansi kwa jumla, ambao insha hawajaandika miaka miwili, wanaiona Stadi za Mawasiliano kama mchezo hadi siku wanaporudishiwa kazi yenye wino mwekundu.

Waliopitia diploma wana hatari ya kinyume. Kozi za mwanzo wanaziona wanazijua, wanapunguza kwenda darasani, na katikati ya semesta kozi inawaacha njiani.

Kama kozi ngumu ni ya lazima, hukimbii. Unafidia kwenye opsheno: usiweke kozi mbili za hesabu semesta moja ukiwa unajijua. Hapo ndipo opsheno inapokuwa na faida kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 4: Mwone mshauri wa masomo, na umwone mapema

Kwanza tutenganishe watu wawili. Mshauri wa wanafunzi ni yule wa malazi, afya, migogoro na misiba. Mshauri wa masomo ni mwalimu wa idara yako uliyepangiwa. Orodha hubandikwa kwenye ubao wa idara au huwa kwa katibu. Wako wahitimu waliomaliza miaka mitatu bila kujua mlango wake uko wapi, na nakiri kwamba mimi nilimjua wangu baada ya balaa nitakalolisimulia.

Walimu wana madarasa, wana semina, wana karatasi za kusahihisha. Ujumbe wa "Mambo sir, mi fresha, nisaidie opsheno" hautajibiwa, na usimlaumu. Andika hivi:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Sosholojia, kidato cha sita nilisoma HGL. Nimepangiwa kwako kama mshauri wangu wa masomo. Nimebakiza opsheno moja ya krediti 12, nasita kati ya ya takwimu na ya saikolojia. Naomba dakika kumi wiki hii. Jumanne na Alhamisi mchana nina nafasi." Chini yake jina kamili na namba ya usajili.

Nenda na ile karatasi ya mafungu matatu, matokeo yako ya kidato cha sita, na maswali haya:

– Nisipochukua kozi hii sasa, kuna kozi gani mbele itakayonifungia mlango? Ziko za mwaka wa pili na wa tatu zinazodai uwe umepita nyingine kwanza.
– Inafundishwa semesta zote mbili au moja tu? Ukiifeli, utasubiri mwaka mzima?
– Waliotoka kombi kama yangu hukwama wapi kwenye kozi hii?

Swali la tatu ndilo lenye dhahabu. Prospektasi haina jibu lake, ila mwalimu aliyesahihisha UE za miaka kumi analo. Mwache aongee, wewe andika.

Akikwambia kitu kinachopingana na prospektasi, muulize kwa heshima: "Dokta, humu nimeona wameandika hivi, nifuate kipi?" Walimu nao husahau mabadiliko. Kama hapatikani kabisa, na wapo wasiopatikana, nenda kwa mratibu wa programu, kisha kwa mkuu wa idara. Katibu wa idara naye usimdharau. Salamu njema kwa katibu imefungua milango mingi kuliko barua.

Hatua ya 5: Ratiba kwanza, mapenzi ya kozi baadaye

Chora jedwali la Jumatatu hadi Ijumaa. Weka lekcha za kozi za lazima kwanza, kisha semina, halafu ndipo uone opsheno inaingia wapi. Kozi mbili zikigongana, ya lazima inabaki. Usijidanganye kwamba utahudhuria hii wiki hii na ile wiki ijayo. Testi hazisubiri zamu yako.

Angalia na kumbi. Lekcha inayoisha saa nne upande mmoja wa kampasi na nyingine inayoanza saa nne hiyohiyo upande wa pili ni mbio za kila wiki, na viti vya mbele hutavikuta.

Hatua ya 6: Sajili kwenye mfumo, kisha hakiki, kisha hifadhi

Balaa langu ni hili. Semesta ya kwanza nilisajili opsheno moja wiki ya pili. Wiki ya tatu wenzangu wa chumba wakasema kuna nyingine "inaelea", mwalimu wake hana makuu. Nikahama. Nikasaini mahudhurio, nikafanya testi mbili, nikawasilisha kazi ya kikundi, nikakaa UE. Kitu kimoja tu sikufanya: kubadilisha kwenye mfumo.

Matokeo yalipotoka, kozi niliyoihama ilionyesha sikutokea kwenye mtihani. Niliyoisoma haikuwepo kabisa, kama vile sikuwahi kuingia ukumbi ule. Makosa mawili kwa mpigo, na mojawapo kwa kanuni zetu ni zito sana, maana kuukimbia mtihani bila sababu kunaweza kukurudisha nyumbani. Niliandika barua, nikaambatisha karatasi za testi zilizosahihishwa, CR wa kozi ile akatafuta fomu za mahudhurio. Nilizungushwa ofisi tatu, na jibu lilikuja semesta ya pili ikiwa imekolea. Nilipona kwa sababu nilikuwa na tabia ya kutunza makaratasi, tabia niliyorithi kwa mama mwenye duka.

Fanya hivi. Lipa au kamilisha taratibu za ada kwanza, maana mifumo mingi haikufungulii kozi kama malipo hayajasoma. Kontroli namba (namba ya kulipia) ikichelewa, fuatilia mhasibu siku hiyohiyo. Ingia kwenye mfumo, chagua kozi, thibitisha. Toka. Ingia tena uone kama zimebaki. Hesabu krediti: zifike zile zinazotakiwa na programu yako kwa semesta hiyo. Linganisha namba za kozi herufi kwa herufi, maana ziko kozi zenye majina yanayofanana za idara tofauti. Kisha piga picha ya skrini, na chapisha nakala moja ya karatasi. Mia mbili ya stesheneri haijamfilisi mtu.

Ukibadilisha kozi, badilisha kwenye mfumo siku ileile, kabla hujaenda hata lekcha moja ya kozi mpya. Siku mbili kabla dirisha halijafungwa, ingia uhakiki mara ya mwisho. Mifumo huzidiwa siku ya mwisho, kila mtu anakumbuka saa tano usiku.

Baadaye orodha ya majina ya testi ya kwanza ikibandikwa, jitafute. Jina lisipokuwepo, nenda kwa mwalimu wa kozi leo. Wiki ya tano jambo hili ni la dakika mbili. Wiki ya UE ni la barua.

Hatua ya 7: Kama programu yenyewe siyo

Wengine shida yao si opsheno. Walijaza programu kwa kubahatisha ili wasikose nafasi, na sasa wamekaa kwenye ukumbi wanajiuliza wamefikaje. Kuhama ndani ya chuo kunawezekana kama una sifa za kuingia kwenye programu unayoitaka na kama nafasi ipo. Yote mawili, siyo moja. Dirisha lake hufungwa mapema, wiki za mwanzo kabisa. Kuhama chuo kwenda kingine kunapitia pia TCU.

Ukifanikiwa, usiache kwenda kwa afisa mikopo wa chuo. Bumu linafuata taarifa zilizopo, na programu mpya ada yake inaweza kuwa tofauti. Na lile darasa unaloliacha usilisuse hadi uhamisho uwe kwenye maandishi. "Nimeambiwa itakubaliwa" si maandishi.

Hatua ya 8: Testi ya kwanza ikirudi

Hiki ndicho kipimo cha kweli ambacho mlangoni hukupewa. Ukipata chini ya nusu kwenye kozi yoyote, rudi kwa mshauri na karatasi yenyewe mkononi, siyo alama peke yake. Mwalimu akiona ulivyojibu atajua kama hukusoma, hukuelewa swali, au Kiingereza kilikukwamisha. Kila moja ina dawa yake.

Hesabu kabisa unahitaji nini. Ukiwa na 14 kati ya 40, ili ufike 40 ya kupita unahitaji 26 kati ya 60 kwenye UE. Inawezekana. Ili ufike B+ unahitaji 46, na hapo ndipo utajua kama ukeshe au uelekeze nguvu kwenye kozi nyingine inayookoleka zaidi. Angalia pia kama chuo chako kina kiwango cha chini cha kosiweki ambacho usipokifikia hukai UE kabisa. Vipo vyuo vyenye sharti hilo.

Usiipange sapu kama mpango wa pili. Ukiifanya ukapata 80, kinachoandikwa ni C. Ukiifeli, unaikeri, yaani unaibeba hadi mwaka ujao, na ratiba ya mwaka wa pili haikujua kwamba utakuja na mzigo.

Matokeo ya semesta yakitoka, linganisha kozi zilizoandikwa na ile nakala uliyochapisha. Kozi ikikosekana au alama ikikushangaza, kanuni zina muda maalumu wa kukata rufaa, na siku zinaanza kuhesabiwa tangu matokeo yabandikwe, siyo tangu wewe urudi kutoka likizo.